Kompyuta ya Hazina na kompyuta yako ya dukani

Msimu wa ufuta ukiisha, huwa naulizwa hapa Kilwa: "Bwana shamba, kompyuta yangu ya mezani imekuwa nzito, ninunue nyingine?" Kabla sijakujibu, sikiliza historia kidogo.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine kubwa. Hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye kompyuta, lakini wataalamu wazawa walikuwa wachache. Hesabu zikavurugika, kazi ikarudi kwenye madaftari. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na masharti hayo yakaja kulegezwa miaka ya baadaye. Chombo kilitangulia, maandalizi yakafuata nyuma.

Na sisi huku tuna gharama yetu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa Kilwa ulisubiri pantoni Mto Rufiji. Leo kifaa kinakuja na basi kutoka Kariakoo, ila kisipoingia kwenye mashine, nauli ya kukirudisha ni yako. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza RAM ya DDR4, mashine yangu ni DDR3. Pesa ikalala kabatini.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Andika kazi zako. Kwa daftari la mauzo na barua za AMCOS, huhitaji prosesa mpya.
2. Anza na SSD badala ya diski ngumu ya zamani. Hapo ndipo utaona mabadiliko makubwa.
3. Kisha RAM. Fungua kasha, soma aina yake. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, usiongeze bure.
4. Saa ikirudi nyuma kila ukiwasha, jaribu kwanza betri ndogo ya CR2032.
5. Uliza Windows 11 itakubali? Inataka TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ikikataa, weka Linux, au tunza hela yako ununue nyingine.

Hela ya ufuta huja mara moja kwa mwaka. Usiipeleke Kariakoo kabla hujafungua kasha na kusoma kilichomo.