MPAKA ULICHORWA NA NANI? MUHURI WA PASIPOTI NA NDUGU ZETU WALIORUDI HANDENI



Ndugu zangu katika imani, baada ya darsa hapa Kang'ata kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Alikuwa anakwenda Mombasa kutafuta riziki. Akaniuliza: "Ustadh, nikipita njia ya panya pale Horohoro nina dhambi gani? Mpaka ule si wameuchora Wazungu?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu alikuwa na haraka. Leo nataka nilijibu swali hili kwa urefu, maana najua si yeye peke yake mwenye nalo.

Kwanza tumpe haki yake. Mpaka ule kweli waliuchora Wazungu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba, uende hadi Kilimanjaro na kuendelea mpaka ziwa Victoria. Hakuna Mdigo wala Msegeju aliyeulizwa. Watu walilala ndugu, wakaamka huyu wa Mjerumani na yule wa Mwingereza. Na hata baada ya uhuru, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Muulize mzee yeyote wa Tanga mwenye jamaa Lunga Lunga, atakwambia miaka ile ilikuwaje kusikia msiba wa ng'ambo ukashindwa kwenda kuzika.

Lakini, ndugu yangu, usiseme kwamba kukaguliwa njiani kumeletwa na Wazungu. Hapo utakuwa hujasoma historia ya Waislamu wenyewe.

Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita miaka mitano kabla katika kituo kiitwacho Qatya, njia ya kutoka Misri kwenda Sham. Ameeleza kwamba hapo mizigo ya wafanyabiashara ilikaguliwa, na hakuna aliyevuka bila hati ya ruhusa. Na usiku walinzi walikuwa wakiusawazisha mchanga wa njiani. Asubuhi amiri anakuja kutazama: akiona nyayo, anajua kuna mtu amepita kwa kujificha, na mtu huyo anatafutwa. Hizo zilikuwa njia za panya za jangwani! Mtawala alikuwa Muislamu, mlinzi Muislamu, na msafiri Muislamu. Na kabla ya hapo, Misri ya karne ya 8, watawala Waislamu walikwisha kutoa hati za ruhusa ya kusafiri zilizoandikwa kwenye mafunjo, na baadhi yake zipo mpaka leo.

Sasa twende kwenye lililo kubwa kuliko Ibn Battuta. Mwaka wa 6 Hijria, Mtume wetu (s.a.w.) alitoka Madina na masahaba kwenda Umra. Wamo ndani ya ihramu, wanyama wa kuchinja wako nao. Makureshi wakawazuia Hudaybiya. Fikiri: anazuiwa Mtume kuingia katika mji aliozaliwa! Ikaandikwa sulhu: mwaka huu mnarudi, mwaka ujao mtaingia na mtakaa siku tatu. Masahaba walihuzunika sana. Lakini Mtume alirudi. Mwaka uliofuata akaingia, akafanya Umra, na siku tatu zilipokwisha, akaambiwa muda umemalizika, akaondoka. Hakutafuta hila ya kuongeza hata siku moja.

Ewe unayekwenda Umra ukajificha baada ya viza kuisha, unamfuata nani? Ule muhuri unaogongwa kwenye pasipoti ni ahadi. Umeandikiwa siku, nawe umezikubali. Kutimiza ahadi si hiari kwa Muislamu.

Basi jibu la kwanza kwa kijana wetu ni hili: aliyeuchora mpaka ataulizwa yeye kwa dhuluma yake, na wewe utaulizwa kwa ahadi yako. Chukua hati, panga foleni, gongewa muhuri.

Lakini nisiishie hapo, kwa sababu kuna jibu la pili, na hili linatuhusu sisi tuliobaki nyumbani.

Miaka ya 1830 nchi hii yetu ya Uzigua ilipigwa na ukame na njaa kali. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wakaishia kuuzwa. Walipakiwa majahazini wakapelekwa Brava, Merka na Mogadishu, wakalimishwa mashamba ya watu kule Shabelle. Nani aliwagongea muhuri? Nani aliwauliza hati? Walivushwa kama mizigo.

Baadhi yao walitoroka wakakimbilia misitu ya mto Juba. Wazee wao husimulia habari za mwanamke aliyeitwa Wanankhucha, aliyewaongoza katika kutoka huko. Walikaa pale vizazi na vizazi, wengi wakaingia katika Uislamu, na Kizigua chao hawakukiacha.

Vita vilipoiharibu Somalia mwaka 1991, walikuwa miongoni mwa walioumizwa zaidi. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya, na baadaye Marekani ikakubali kuwapokea Wasomali Bantu wapatao 12,000. Lakini wengine walishuka kusini hadi Tanga. Wakawekwa kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo, humu humu Handeni. Watu walioondolewa bila karatasi sasa wanatakiwa kuonyesha karatasi ili warudi! Ushahidi wao mkubwa ulikuwa ulimi: walizungumza, na mzee wa Handeni akawaelewa. Serikali yetu ikaja kuwafungulia mlango wa uraia, na kufikia mwaka 2009 wengi walikuwa wamekwisha kuupata. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Sasa nakuuliza wewe, ndugu yangu: bado unamwita mwenzako "Msomali yule" pale sokoni? Serikali imempa hati, wewe umemnyima nini? Watu wa Madina waliwapokea Muhajirina wakawagawia nyumba na mali, na wale walikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Huyu ni mjukuu wa bibi mmoja na wewe.

Katika Suratut-Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja makundi manane ya wanaostahiki zaka. Wa mwisho ni msafiri aliyekatikiwa njiani. Ameweka haki yake katika mali yako.

Kwa hiyo yashike yote mawili. Ukiwa msafiri, timiza ahadi uliyogongewa. Ukiwa mwenyeji, usijifanye ofisa uhamiaji wa kila anayebisha hodi. Ukaguzi wa hati una wenyewe, wewe kazi yako ni kumkaribisha.

Na sote tuko safarini kwenda mahali ambapo pasipoti haitatazamwa. Kitatazamwa kitabu cha matendo.

Ewe Mola, wafikishe salama wasafiri wetu, warudishe kwao waliotawanywa, na utupe nyoyo za kupokea. Aamiin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.