Kukuza, kutia chumvi, kupiga chuku: Maana, visawe na matumizi yake ya kila siku

Buigiri. Mtama unakua, mtoto anakua, mji unakua. Habari nayo inakua, ila habari haikui yenyewe. Kuna mtu anaikuza.

Buigiri ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Kama ilivyo kwingine nchini, hapa neno "kukuza" linafanya kazi mbili bila kugombana. "Mzee anakuza zabibu" ni sifa. "Mzee anakuza mambo" ni lawama.

Neno limetoka wapi?

Mzizi ni kitenzi "kua". Ukisema "kuza", maana yake unasababisha kitu kikue. Hapo ndipo tofauti ya "ukuaji" na "ukuzaji" inapoanzia. Ukuaji ni wa kitu chenyewe: ukuaji wa mtoto, ukuaji wa mji. Ukuzaji una mtendaji: ukuzaji wa mazao, ukuzaji wa vipaji. "Makuzi" nayo ni malezi, yaani namna mtu alivyokuzwa.

Kwenye mazungumzo, kukuza jambo ni kulifanya lionekane kubwa kuliko lilivyo.

Visawe vyake

- Kutia chumvi (au kuongeza chumvi): ndiyo inayotumika zaidi. Tukio lipo, ila limekolezwa. Ni kama mlenda: mboga ipo chunguni, chumvi ndiyo imezidi. "Walikuwa watu 20, yeye anasema 200. Katia chumvi."
- Kupiga chuku: msemo wa zamani, bado unaandikwa. Chuku ni pembe ya kuumikia, tiba ya jadi ya kuvuta damu. Ikiondolewa, ngozi inabaki imevimba, na habari iliyopigwa chuku nayo imevimba.
- Mubaalagha: neno la darasani. Ni tamathali ya semi ya kutia chumvi kwa makusudi, kama "alilia mpaka machozi yakawa mto". Hakuna anayedanganywa hapo.
- Kupaisha: hutumika zaidi kwenye bei, takwimu na sifa. "Madalali wamepaisha bei za viwanja."
- Kupamba: kulifanya jambo livutie kuliko lilivyo. "Habari umeipamba mno."
- Kujikweza: hapa mtu anajikuza mwenyewe. Vijana wanasema "kujimwambafai" au "kuvimba".

Chumvi si chai

Wengi wanachanganya hapa. Mtaani, "chai", "kamba" na "fiksi" ni hadithi ya kutunga, haina ukweli kabisa. Chumvi ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ngumu kuikamata. Chai ukiuliza maswali mawili inamwagika. Chumvi ukiuliza, mtu anakujibu, "Si ilitokea kweli?" Na kweli ilitokea.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Sawa, lipo. Swali ni, lipo kwa ukubwa gani?

Pale chumvi inapogharimu

Kuna ukuaji wa kweli Dodoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani. Ya mwaka 2022 ikahesabu 3,085,625. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi. Serikali imehamia, na Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 20, 2023. Anayesema Dodoma imekua hajatia chumvi.

Ila ukweli huo ndio chungu ambamo chumvi inatiwa. "Kiwanja kipo dakika tano tu kutoka lami, bosi." Dakika tano za nini? Za mguu, bodaboda au gari? "Jirani kabisa na Ikulu." Kilomita ngapi? "Hati iko njiani." Imeombwa lini, na kwa jina la nani? Mtu anayelipa akiba ya miaka kwa neno "jirani" ananunua neno. Kaone eneo mwenyewe, kisha kaulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla pesa haijatoka mfukoni.

Upande wa pili ni shambani. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa nne hivi, na zikikatika mapema mahindi yanakauka. Mtama na uwele ndivyo vinavyovumilia. Sasa mwenye kaya aliyevuna gunia nne akisema kumi kwa kuogopa aibu, na jirani akafanya vilevile, kijiji kitaonekana kina chakula. Njaa ikija, karatasi zitasema kila kitu kipo. Wakipunguza ili wapate msaada, anayehitaji kweli naye hataaminiwa mwaka unaofuata. Kinyume cha kukuza, yaani kudogosha au kufifisha, nacho kinapotosha.

Mtandaoni ni hivyohivyo. Ajali ya watu watatu ikiandikwa "makumi", kuna mama anayepiga simu usiku kucha kutafuta mwanaye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamgusa anayechapisha taarifa huku akijua ni za uongo au za kupotosha.

Kukuza kusikopotosha

Buigiri ipo shule ya msingi ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1950. Katika elimu ya aina hiyo, asiyeona kabisa husoma kwa nukta nundu, na mwenye uoni hafifu husaidiwa na maandishi yaliyokuzwa. Herufi inakuwa kubwa, lakini neno ni lilelile. "Maji" yakikuzwa mara tano yanabaki kuwa "maji". Anayekuza habari, yeye anabadilisha neno lenyewe.

Umwambieje mtu anayekuza?

Inategemea ni nani.

- Kwa mzee: "Babu, hapo hatujaongeza kidogo kweli?" Ukisema "tu", umejiweka naye upande mmoja.
- Kwa rafiki: "Mwanangu, punguza chumvi."
- Kwa muuzaji: "Kaka, niambie kwa kilomita."
- Kazini: "Naomba takwimu halisi."

Usimwambie mzee "unadanganya". Chumvi si lazima iwe uongo, na mara nyingi ni ladha tu ya mazungumzo. Kwenye simulizi za jioni iache ikolee. Ikifika kwenye pesa, chakula na uhai wa mtu, omba namba.