Upasuaji wa Kikwit

Mwezi Aprili 1995, mjini Kikwit, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati ule, mtumishi wa maabara alipasuliwa kwa dharura. Madaktari walidhani utumbo umetoboka; wakakuta damu imejaa tumboni. Ilikuwa Ebola. Wengi wa waliomhudumia wakaugua, mmoja baada ya mwingine. Kuwalaumu ni dhuluma, kwani utumbo uliotoboka haungoji vipimo. Mwezi Mei serikali iliweka askari barabarani kuuzingira mji, ilhali adui alikuwa ndani ya hospitali, ambako hata glavu zilikuwa adimu. Waliougua walifikia 315. Zaidi ya 240 walikufa, wauguzi wakiwamo. Glavu, barakoa na magauni vilipofika, maambukizo miongoni mwa wahudumu yalikaribia kukoma.