Kongwa Haikuwa Sadaka

Tangu Ikulu ya Chamwino ilipofunguliwa rasmi tarehe 20 Mei, 2023, wapo watu wanaodhani kwamba siasa ya nchi za nje ni jambo geni katika mkoa wa Dodoma, jambo lililokuja na Serikali ilipohamia huku. Wanaodhani hivyo washike barabara ya Morogoro kutokea Chamwino, wafike Mbande, kisha wachepuke kuelekea Kongwa. Huko watajionea kwamba Wagogo waliishi na siasa ya dunia mlangoni mwao miaka mingi kabla ya balozi yeyote kuulizia kiwanja Dodoma.

Kwanza walikuja Waingereza. Mwaka 1947, Uingereza ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali yake ilianzisha hapo Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa misitu, nyumba za wazungu zikajengwa. Lakini ardhi ya Ugogo ina tabia yake. Wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua nayo haikuwa ya kutegemea, jambo ambalo mzee yeyote wa kijiji angewaeleza kama angeulizwa. Mwaka 1951 mradi ulitupwa, na walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza pauni zipatazo milioni 36.

Miaka 13 baadaye Kongwa ilipata wageni wa aina nyingine. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa mwezi Mei, 1963, uliunda pia Kamati ya Ukombozi na kuiweka makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru walihitaji mahali pa kufanyia mafunzo na kungojea safari ya kurudi makwao. Kongwa ilifaa. Ilikuwa mbali na mpaka wa kusini, mbali na macho ya Dar es Salaam, na mradi wa karanga ulikuwa umeacha eneo lililokwisha kufyekwa. Mwaka 1964 FRELIMO wakapiga kambi. Baada yao wakaja ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe.

Hebu tuukumbuke mwaka wenyewe. Tarehe 20 Januari, 1964 askari wetu wenyewe waliasi Dar es Salaam, na siku chache baadaye Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza ili kuwatuliza. Jeshi la Wananchi lilianzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Tarehe 25 mwezi huohuo FRELIMO wakaanza vita nchini Msumbiji. Kwa maneno mengine, nchi ambayo jeshi lake lilikuwa na umri wa siku 24 ilikuwa tayari imewapa mafunzo na pa kulala watu waliokwenda kupambana na Ureno, mwanachama wa NATO, ng'ambo ya pili ya mto Ruvuma. Serikali yenye woga ingesema tusubiri kwanza tujiimarishe.

Waliopita Kongwa hawakuwa watu wa kubeza. Samora Machel, baada ya mafunzo yake Algeria, alikabidhiwa kambi ya FRELIMO hapo. Mwaka 1975 akawa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru. Chris Hani wa ANC aliishi Kongwa kabla ya kampeni ya Wankie ya mwaka 1967, ambapo wapiganaji wa ANC na ZAPU walivuka Zambezi na kuingia Rhodesia. Wapiganaji wa SWAPO waliotoka Kongwa mwaka 1965 ndio waliokuwa Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti, 1966, risasi za kwanza za vita vya Namibia zilipolia. Mpaka leo Wanamibia huiadhimisha siku hiyo kama Siku ya Mashujaa.

Sasa, ndugu wasikilizaji, kuna usemi umezoeleka kwamba Tanzania ilijitolea kuwakomboa wengine. Tumeusema katika sherehe nyingi mpaka tumeanza kuamini kwamba Kongwa ilikuwa sadaka. Ndiyo maana, wageni waliposhambuliwa katika miji ya Afrika Kusini mwaka 2008, na tena mwaka 2015 na 2019, watu wengi huku kwetu waliuliza kwa uchungu: tuliwasaidia, tukapata nini? Uchungu huo unaeleweka. Lakini swali lenyewe limekosewa, kwa sababu sadaka ndiyo inayosubiri shukrani. Kongwa ilikuwa ulinzi wa nchi yetu.

Tazama ramani ya mwaka 1964. Kusini mwetu alikuwapo Mreno, nyuma yake makaburu, na pembeni walowezi wa Rhodesia, ambao tarehe 11 Novemba, 1965 walijitangazia uhuru wao wa bandia. Jirani wa namna hiyo hakuruhusu Mwafrika huru akae kwa amani. Anayebisha atazame Guinea. Tarehe 22 Novemba, 1970 majeshi yaliyotumwa na Ureno yaliivamia Conakry kwa sababu nchi hiyo iliwapa hifadhi wapigania uhuru wa PAIGC. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin akaipindua serikali ya Milton Obote hapa jirani Uganda. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. TANU ilitia maji. Mwezi Februari, 1971 ilitoa Mwongozo, uliosema wazi kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wenyewe, na mafunzo ya mgambo yakasambaa vijijini. Ilikuwa miaka ileile ya Operesheni Dodoma, Mwalimu alipokuwa akifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino. Mkulima wa Ugogo alitakiwa aelewe kwa nini yaliyotokea Conakry yanamhusu, na alielezwa.

Gharama nayo haikufichwa. Desemba, 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Tarehe 3 Februari, 1969 Dakta Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Vijiji vya kando ya Ruvuma vilijua maana ya kupakana na vita. Pale Naliendele, Mtwara, wamelala askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji.

Wala tusiipake historia hii rangi nzuri kupita kiasi. Maisha ya Kongwa yalikuwa magumu. Vijana waliokuja wakiwa na hamu ya kupigana walikaa miaka wakingoja, na kungoja huvunja moyo kuliko njaa. Serikali yetu iliwakaribisha, lakini pia iliwachunga. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC walitakiwa kuondoka Kongwa, wakapelekwa Urusi ya Kisovieti, na kwa baadhi yao kumbukumbu hiyo bado ni chungu. Nchi inayolinda usalama wake hupima ukarimu wake, na huo ni ushahidi mwingine kwamba tuliyokuwa tukiifanya ilikuwa siasa ya ulinzi.

Basi, tulipata nini? Mwaka 1975 Mreno aliondoka Ruvuma. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, mpaka wetu wa kusini ulikuwa na Samora badala ya gavana wa Lisbon, na jeshi letu liliweza kuelekea kaskazini bila kuogopa kisu cha mgongoni. Hayo ndiyo malipo ya Kongwa. Tulikwisha kulipwa zamani, na hakuna Mwafrika Kusini wala Mnamibia anayedaiwa deni na sisi. Anayemshambulia Mwafrika mwenzake anastahili kulaaniwa kwa sababu ametenda uovu, awe nchi yake tuliisaidia au hatukuisaidia.

Funzo hilo bado lina kazi. Oktoba, 2017 wapiganaji wenye silaha walianza mashambulizi katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Miaka mitatu baadaye, Oktoba, 2020, moto huo ulivuka Ruvuma na kuunguza kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 askari wetu walikuwa Cabo Delgado katika kikosi cha SADC. Wengi wetu tulizisikia habari hizo kama habari za mbali, tukauliza kwa nini vijana wetu wapelekwe huko. Mwananchi wa Kitaya hakuhitaji kuuliza.

Hapo ndipo tofauti ya zama zile na zetu inapoonekana. Siasa ya Kongwa ilidumu miaka 30, mpaka Kamati ya Ukombozi ilipofunga kazi mwaka 1994, kwa sababu ilielezwa mikutanoni, mashuleni na redioni. Watu walijua wanalipa nini na kwa nini. Serikali inayopeleka askari nje bila kuwaeleza wananchi itakuta, siku gharama itakapopanda, kwamba hakuna aliye tayari kuilipa. Na wananchi wanaoitazama kazi ya ulinzi kama sadaka wataichoka upesi, kama watu wanavyochoka kutoa sadaka.

Kwa hiyo Kongwa inadai mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu. Yapo makaburi ya wapigania uhuru pale, na wapo wazee walioishi jirani na kambi. Mwaka 2014 SADC ilitoa majuzuu tisa ya historia ya ukombozi, yenye jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ile. Hiyo ni kazi kubwa, lakini mwanafunzi wa Mpwapwa au Mvumi anahitaji pia kuisikia habari hii kwa Kiswahili, kutoka kwa mzee aliyewauzia wapiganaji wale kuku na maziwa. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

La pili linaihusu Ikulu, ambayo sasa ni jirani wa Kongwa. Uamuzi wowote juu ya vita na amani unaotolewa Chamwino utalipiwa na mtu fulani katika kijiji fulani. Wagogo wa Kongwa walilipa, nao walijua sababu. Watakaolipa kesho nao wana haki ya kuijua mapema.