Kufuli Nalo Huzeeka

Wasee, leo sina chalenji wala vichekesho. Nina stori ya kontena, na mwisho wake ni aibu yangu mimi mwenyewe.

Kwa wale wageni hapa, mimi ni wa Sigor, Bomet. Ukitaja Bomet watu wanawaza chai tu, lakini upande wetu wa Chepalungu ni mahindi na maziwa zaidi. Kijani chenyewe cha chai unakikuta ukipanda kuelekea Bomet mjini na Kericho. Mchana natengeneza hizi posti. Usiku nachunga mfumo mdogo wa kikundi fulani cha wafugaji: nani ameleta lita ngapi asubuhi, nani anadai pesa ngapi mwisho wa mwezi. Mfumo wenyewe hauko Sigor. Unaishi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi za kampuni kubwa ya ng'ambo, ndani ya kitu kinachoitwa kontena.

Ndiyo, kontena. Jina limetoka kwa yale masanduku ya chuma unayoyaona kwenye malori ya Mombasa, yale ambayo yakizeeka mtu anakata dirisha na kufungua kinyozi. Kuna sababu jina ni moja, na ukiifuata historia yake utaona kosa nililofanya limeshafanywa na wakubwa zaidi yangu.

Aprili 26, 1956, meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwenye wazo alikuwa Malcom McLean, mtu wa malori, si mtu wa meli. Kabla ya hapo mzigo ulipakiwa gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku. Kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 6. Kwa kontena ilikuwa kama senti 16. Mwaka huohuo wa 1956, mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi, kabla ya kuhamia Mombasa mwaka 1969. Enzi hizo chai ilisafiri kwenye masanduku ya mbao. Leo chai ya Kericho na Bomet inashuka Mombasa na kuingizwa kwenye kontena, safari ya Pakistan, Misri au Uingereza.

Kontena lilipunguza gharama, na pia lilipunguza udokozi bandarini kwa sababu anayebeba haoni anachobeba. Mlango unafungwa, unapigwa sili, kwisha. Shida ni kwamba sili inajua jambo moja tu: mlango umefunguliwa au haujafunguliwa. Haijui kilichoingizwa kabla mlango haujafungwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani iliamka. Kuanzia 2002 ikaanza kukagua makontena yakiwa bado kwenye bandari yanakotoka. Huku kwetu shida ilikuwa mzigo unaoandikwa kwamba unaenda Uganda, halafu unashushwa njiani na kuuzwa hapahapa bila ushuru. KRA ikaleta kufuli za elektroniki zinazofuatiliwa kwa setilaiti, na mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikaunganisha ufuatiliaji huo.

Sasa angalia vizuri. Sanduku lenyewe halijabadilika sana tangu McLean. Kinachobadilika kila mara ni ulinzi wake, kwa sababu mwizi naye hujifunza.

Ruka hadi Machi 2013. Kijana anayeitwa Solomon Hykes alisimama mbele ya mkutano wa waandishi wa programu huko Marekani na kwa dakika chache akaonyesha Docker. Wazo la kuitenga programu kwenye chumba chake lilikuwepo kwenye Unix tangu 1979, lakini Docker ililifanya rahisi: funga programu yako pamoja na kila inachohitaji, ipeleke popote, itafanya kazi. Nembo yao ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni, kwa hivyo hawakuficha walikoiba wazo. Mwaka 2014 Google ikatoa Kubernetes, neno la Kigiriki la mshika usukani wa meli, na Amazon ikatangaza huduma yake ya kuendesha makontena. 2017 Amazon ikaongeza Fargate, ambapo hata seva huioni. Unaleta kontena, wao wanatafuta pa kuliweka. Ndiyo maana kijana wa Sigor mwenye laptopu na bando anaweza kuendesha kitu ambacho zamani kingehitaji chumba kizima na feni zake.

Na tukarudia kosa la sili: tuliamini kuta. Februari 2019 ikatangazwa kwamba runC, kile kiini ambacho Docker na wenzake hutumia kuanzisha makontena, kilikuwa na tundu. Kontena lenye nia mbaya lingeweza kutoroka na kuitawala seva nzima. Desemba 2021 ikaja Log4Shell, tundu kwenye kipande kidogo cha programu ambacho kampuni nyingi hazikujua hata kama wanacho ndani ya makontena yao.

Hapo ndipo programu za kulinda kontena zilipopata umuhimu wake. Kazi yake ni mbili. Kwanza inakagua kontena kabla halijaanza kazi, kama ile eksirei ya bandarini, ikilinganisha kilicho ndani na orodha ya matundu yanayojulikana. Pili, mlinzi mdogo anakaa na kontena likiwa kazini na kuangalia tabia. Mbona programu ya kuhesabu lita za maziwa inachimba sarafu za mtandaoni saa nane usiku?

Mlinzi wangu nilimweka mwaka juzi. Kila nikifungua dashibodi naona kijani, matundu sifuri. Nikawa nalala fofofo. Kila mara ikija taarifa kwamba kuna toleo jipya nasema, si inafanya kazi? Wacha. Juzi ndipo nikasoma taarifa moja mpaka mwisho: toleo langu lilishaachwa, halipokei tena orodha mpya ya matundu. Yaani kile kijani hakikuwa na maana kwamba niko salama. Nilikuwa na askari wa geti anayetumia picha za majambazi wa mwaka juzi.

Nikasasisha makao makuu ya programu, nikafunga laptopu, nikajipongeza. Asubuhi naangalia, makontena yote bado yana mlinzi wa zamani. Nilisahau jinsi mambo yanavyoenda: kwenye huduma kama hizi seva si yako, kwa hivyo mlinzi anafungwa pamoja na kontena lenyewe. Na kontena halitengenezwi likiwa barabarani. Unaunda jipya lenye mlinzi mpya, linaanza kazi, ndipo la zamani linaondolewa. Kama hujaagiza hivyo, la zamani litaendelea kukimbia hata miezi.

Basi kwa nini nisibadilishe yote kwa mkupuo mmoja? Kwa sababu ya Julai 19, 2024. Kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Ndege zilikwama, hospitali zikahangaika. Hakuna mwizi aliyeingia. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeangusha nyumba.

Wengine wakisikia hivyo wanasema, unaona? Ni afadhali usiguse. Mimi nakataa. Kutoguza ndiko kulikonipa kijani cha uongo. Historia inatufundisha kugusa kwa adabu. M-Pesa ilipohamishwa kutoka seva za Ujerumani kuja Kenya Aprili 2015, kazi ilifanywa usiku wa wikendi, si mchana wa mwisho wa mwezi. Mimi nami nikafuata mkondo huo kwa kipimo changu: nikahifadhi nakala ya data, nikajaribu kwenye mfumo wa majaribio, nikabadilisha kontena moja, nikasubiri, nikabadilisha linalofuata. Na nikahakikisha si usiku wa kuamkia malipo, kwa sababu kuna mama pale anayelipa karo kwa hizo lita.

Yale makontena mapya yalipoanza kukaguliwa, kijani kikageuka nyekundu. Matundu kadhaa, mawili ya hatari kabisa. Yalikuwepo muda wote. Nimeyaziba sasa, na sijaona dalili kwamba kuna mtu aliyeyatumia, lakini hiyo ni bahati na siwezi kuiita kazi yangu.

Nilimweleza gogo wangu haya nikiwa nimekaa naye akisafisha sotet, kibuyu cha mursik. Anakisugua ndani kwa sosiot, anakipaka masizi ya mkaa, ndipo anamimina maziwa. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Weri, hicho kibuyu chako ulikiosha lini?"

Nikamwambia mwaka juzi.

"Na watu wamekuwa wakikunywa?"

Nikamjibu ndiyo. Hakusema kitu, akaendelea kusugua. Manze, afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo hii ndiyo maoni yangu: kama unachunga data ya watu wengine, iwe ya chama, duka, kanisa au wafugaji, usijisifu kwamba umeweka ulinzi. Sema umeugusa lini mara ya mwisho. Mimi sasa nimeweka kengele kwenye simu, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu usiku, maziwa yakishaandikwa.

Wewe wako ni wa lini? Andika tarehe hapo chini, na usidanganye.