Sala kutokana na masomo ya siku

Sala kutokana na masomo ya siku ni desturi ya Wakristo ya kusali kila siku kwa kufuata maneno ya Biblia yaliyopangwa kusomwa siku hiyo. Anayesali hachagui mwenyewe somo la kumpendeza. Hupokea lililomo katika kalenda ya Kanisa lake, hulisoma au hulisikiliza, kisha humjibu Mungu kwa maneno yanayotokana nalo. Desturi hiyo inapatikana katika madhehebu mengi kwa taratibu tofauti. Makala hii inahusu hasa jinsi ilivyoingia pwani ya Tanzania, kuanzia Bagamoyo hadi Msata na vijiji jirani.

Asili

Wakristo wa kwanza walirithi zaburi na saa za sala kutoka kwa Wayahudi. Katika karne ya 6 Benedikto wa Nursia alipanga zaburi zote 150 zisaliwe na wamonaki wake katika wiki moja. Katika karne ya 12 Guigo II, mmonaki Mkartusi, alieleza ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kuzama katika Mungu. Wengi wanaofundisha sala ya namna hii hadi leo bado wanatumia ngazi hiyo.

Waanglikana, kwa Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, walipunguza vipindi vya wamonaki viwe viwili, asubuhi na jioni, ili waumini wote waweze kushiriki. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1728 kupeana neno moja la Biblia kwa kila siku, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yanachapwa kama kitabu cha mwaka mzima. Kanisa hilo lilifika Rungwe mwaka 1891.

Katika pwani ya Tanzania

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walitoka Zanzibar wakaanza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Waliwakusanya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto, na kuwajengea kijiji. Siku iligawanywa kwa kengele: sala, kazi, shule, tena sala. Lakini Misa ilikuwa kwa Kilatini, na waumini walisali hasa yale waliyokariri: Baba Yetu, Salamu Maria, Amri za Mungu na majibu ya katekisimu. Somo la siku lilibaki mikononi mwa padri.

Wakati huohuo, Unguja, Edward Steere, askofu Mwanglikana kuanzia mwaka 1874 hadi 1882, alikuwa akitafsiri Zaburi, Agano Jipya na sala za Kanisa lake kwa Kiswahili. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitolewa mwaka 1891. Hivyo Waanglikana waliweza kusikia zaburi ya asubuhi kwa lugha yao, huku majirani wao Wakatoliki wakitegemea kumbukumbu. Tofauti hiyo haikuwa ya bidii, bali ya kitabu kilichokuwepo mkononi. Wala kukariri kusidharauliwe: kwa mtoto aliyetolewa mbali bara, asiyejua kusoma, sala ya kukariri ilikuwa mali ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kwa Wakatoliki mabadiliko makubwa yalikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965), ulioruhusu lugha za watu katika liturujia na kuwahimiza waumini wote waisome Biblia wakiambatanisha sala. Mpango mpya wa masomo ulitolewa mwaka 1969. Masomo ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu (A, B na C). Kwa siku za kawaida, somo la kwanza linazunguka kwa miaka miwili, lakini Injili ni ileile kila mwaka: kwanza Marko, halafu Mathayo, mwishoni Luka.

Msata na vijiji vyake

Msata ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, mkoa wa Pwani, penye njia panda ya barabara ya Chalinze-Segera na ile inayotoka Bagamoyo, umbali wa kilometa 64 hivi. Ukristo ulifika huku bara ya Bagamoyo kupitia misheni kama vile Mandera na Lugoba. Eneo lina Waislamu wengi, na majirani wanashirikiana hata neno: Mwislamu huswali, Mkristo husali, na yote mawili yametokana na Kiarabu.

Katika mazingira ya vijijini parokia moja huwa na vigango vingi, na padri hawezi kuadhimisha Misa katika kila kigango kila siku. Hapo ndipo masomo ya siku yanapopata uzito wake. Mkulima aliye mbali na kanisa la parokia, akisoma Injili ya siku kabla ya kwenda shambani, anasoma ileile inayosomwa Dar es Salaam na Roma asubuhi hiyo. Asiyekuwa na kitabu anaweza kusikiliza Redio Maria, iliyoanza Songea mwaka 1996, au kupata masomo kwenye simu. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, hukutana nyumbani kwa zamu, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na kusali kutokana na Injili.

Namna ya kusali

Somo husomwa polepole, mara mbili ikiwezekana. Msomaji hutafuta neno moja linalomgusa, hunyamaza kidogo, kisha husali. Sala fupi ya mtindo wa Kanisa humtaja Mungu, hukumbuka alichotenda katika somo, huomba jambo moja, na huishia kwa jina la Kristo.

Kwa mfano, mwishoni mwa Januari husomwa mfano wa mbegu inayoota mpanzi akiwa amelala (Mk 4:26-34), wakati wakulima wa pwani wanapoandaa mashamba kwa masika. Sala yake inaweza kuwa hivi: "Ee Mungu, unayeiotesha mbegu usiku sisi tukiwa tumelala, utujalie kulima kwa bidii na kulala bila hofu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina." Haiombi mvua moja kwa moja, kwa kuwa somo halisemi juu ya mvua. Mwenye haja hiyo huiongeza baadaye kwa maneno yake.

Hatari yake

Wako wanaofungua Biblia popote, wakiamini kwamba mstari utakaoangukiwa na kidole ni jibu la shida yao. Hiyo inakaribia kupiga ramli kuliko kusali. Ni kweli kwamba neno la siku la Wamoravian kutoka Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, lakini kura hiyo hupigwa mapema sana, na neno ni moja kwa wote: mgonjwa, bibi harusi na mfiwa hulipokea siku ileile.