Kutoka Tembe Hadi Bati: Nyumba za Nduguti na Usikivu wa Redio

Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ni mji unaojengwa kwa bati na tofali. Mtu akiwasha sabufa sebuleni na maneno ya wimbo yakavurugika, hudhani dawa ni sabufa kubwa zaidi. Historia ya ujenzi wa eneo hili inaonyesha vingine: kilichoharibu usikivu ni nyumba, na nyumba ndiyo ya kurekebishwa.

Wanyiramba na Wanyisanzu, kama jirani zao Wanyaturu na Wagogo, waliishi kwenye matembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la fito lililofunikwa majani na udongo mzito. Ndani mlikuwa na vihenge, ngozi za kulalia na mikeka. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na redio za betri zilipofika vijijini, aliyesikiliza taarifa ya habari tembeni alikuwa kwenye chumba chenye vitu vingi vya kuimeza sauti. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Watu walihamishwa, na kadiri miaka ilivyosonga, saruji na bati vikachukua nafasi ya udongo na fito.

Uzito wa badiliko hilo unaelezwa na kazi ya Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilivuma kwa zaidi ya sekunde tano. Usiku alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima, akairudisha kabla ya asubuhi. Aligundua kwamba muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na uwezo wa vilivyomo kunyonya sauti. Ukuta wa plasta ya saruji hunyonya kama asilimia 2 tu ya sauti inayougonga. Katika sebule tupu ya saruji, silabi ya kwanza haijafa, ya pili imeshafika. Ukiongeza sauti, mvumo nao unaongezeka.

Wapo watakaosema tembe lilikuwa na giza na moshi, na kwamba ukuta uliokandikwa vizuri nao hurudisha sauti. Ni kweli, na hakuna sababu ya kulirudia. Sifa ni ya paa lake la majani na udongo, na ya vitu laini vilivyojaa ndani. Wengine watasema marekebisho ni anasa ya matajiri. Lakini mapazia mazito, zulia, kochi la sponji na kabati la vitabu hufanya kazi ileile ya ngozi na vihenge. Dari chini ya bati hupunguza pia kishindo cha mvua. Kuitoa sabufa kwenye kona hakugharimu chochote: kuta mbili zinazokutana huikuza besi mpaka ikafunika maneno. Mwenye nyumba ajaribu kupiga kofi moja sebuleni. Mlio ukijirudia haraka haraka kati ya kuta, fedha ya sabufa mpya itafaa zaidi ikinunua pazia na zulia.